Neno la Mjomba

Likunja, Ruangwa
10 Juni 2025

Mjomba Yasini,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Imrani ni wazima huko Mnero, na kile kikohozi cha salfa ya kupulizia mikorosho kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Ufuta tumeshavuna, Baba kila siku yuko uani anaukung'uta. Mama goti linamsumbua akichuchumaa, na zahanati hataki kusikia. Mdogo wangu Amna ameanza kujiona mkubwa tangu atoke unyagoni, na anakusalimu. Jina lake la utotoni ndiyo basi tena, lakini Baba bado hajalizoea hili jipya. Wiki iliyopita alijisahau akamwita lile la zamani akimtuma maji, na Mama palepale akamtoza jogoo, faini ya desturi. Baba alilipa bila ubishi, na jogoo mwenyewe tumeshamla.

Haya, hizo ni salamu. Nakuandikia kwa sababu simu unaikata. Mara ya kwanza ulisema mtandao mbaya, mara ya pili ulikata nikiwa katikati ya neno. Barua haikatwi. Nimempa konda wa basi la Nachingwea aifikishe kwenye karakana ya fundi Maximilian hapo misheni, maana najua hupiti pale bila kusimama.

Nimechaguliwa kidato cha tano, Mjomba. Ni shule ya wasichana, Songea, na nimepangiwa fizikia, kemia na biolojia. Katika wasichana wote wa darasa letu, aliyepangiwa sayansi ni mimi peke yangu. Shule inafunguliwa tarehe saba Julai, na anayechelewa zaidi ya wiki mbili nafasi yake anapewa mwingine.

Mama anasema bila neno la mjomba haondoki mtu nyumba hii. Nikimwuliza Baba ananiambia, "Kamwulize mjomba wako," halafu anarudi kwenye ufuta wake. Mimi sikatai. Ukoo wetu ni wa upande wa Mama, na mkubwa wa upande huo ni wewe. Kwa hiyo naomba neno lako, na naomba liwe ndiyo, na lije mapema maana sare bado na tranka bado.

Mpwa wako,
Rukaiya


Mnero, Nachingwea
19 Juni 2025

Mpwa wangu Rukaiya,

Marahaba. Barua yako Maximilian alinipa ina alama za vidole vyake vya grisi, akaniuliza kama siku hizi naandikiwa na serikali. Sisi tuzima. Kikohozi kipo na kitakuwepo maadamu mikorosho ipo. Zaina anakusalimu. Nguruwe pori wamekula mihogo ya jirani, na huko Kilimarondo nasikia tembo wamelala shambani kwa watu kama wageni walioalikwa. Mpe pole mama yako, mwambie aache ubishi aende zahanati.

Sasa hilo la Songea. Jibu langu ulilisikia kwenye simu kabla sijakata, nalo ni hapana.

Usinifanye mzee mjinga anayechukia shule. Mikorosho yangu imesomesha mpaka juu kabisa, mpaka joho na ile kofia ya pembe. Picha yake ilikuwa hapa ukutani. Kwa hiyo ninachokisema nakijua. Kidato cha tano, kidato cha sita, chuo kikuu, halafu nini? Pale Nachingwea mjini wenye digrii wanaendesha bodaboda, na hao ndio wenye akili. Wengine wanashinda kibarazani na bahasha ya kaki kwapani wakisubiri tangazo. Ukimpa jembe anakwambia yeye alisomea mipango. Mipango ya nini, hakuna anayejua, hata aliyemfundisha.

Nimekaa na Maximilian. Kijana aliyemfundisha kufunga umeme juzi tu amechukuliwa huko kwenu Ruangwa, kwenye machimbo, na alifuatwa nyumbani. Hakuandika barua ya kuomba kazi, alifuatwa. Maximilian amekubali kukupokea karakana ujizoeze, na chuo cha ufundi kikifungua mlango uingie usomee umeme. Fundi umeme msichana hatuna hapa, utakuwa wa kwanza. Ukimaliza utakuwa na koleo lako na bisibisi yako, hutamlamba mtu miguu. Hilo ndilo neno langu, na nimelitoa kwa sababu nakupenda.

Mjomba wako,
Yasini


Likunja
24 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Mama alikwenda zahanati baada ya kumsomea maneno yako, akapewa vidonge, anavimeza huku analalamika. Kwa hilo peke yake barua yako imefaa.

Nikushukuru pia kwamba hukusema cherehani. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa cherehani. Umeme siuchukii, na fundi Maximilian simdharau, wala sijawahi kudhani kwamba mwenye bisibisi ni mtu mdogo kuliko mwenye kalamu. Pengine ningeukubali huo umeme kama kuna mtu angeniuliza. Nani aliniuliza? Mlikaa wawili karakana, mkapanga maisha yangu, mkamaliza, mkaendelea na mazungumzo mengine.

Mimi nataka kusomea udaktari. Sikuambii kwa sababu ni neno zuri. Bibi alipofia pale zahanati, mama yako wewe, tuliambiwa ni tumbo. Tumbo gani? Utumbo, ini, figo, uvimbe, nini? Hakuna aliyejua, na tukazika tumbo. Nimekasirika tangu siku ile, Mjomba. Nataka niwe yule anayejua, na njia ya kufika huko inapita kidato cha tano, haina mchepuko kwenye karakana.

Halafu kuna jambo jingine. Umeandika kwamba mikorosho yako imesomesha mpaka juu kabisa, na hukusema imemsomesha nani. Umeandika picha ilikuwa ukutani, na hukusema picha ya nani wala nani aliyeitoa. Barua nzima hujamtaja kaka Imrani. Hata mkeo umemwita Zaina, wakati tangu nipate akili unamwita Mama Imrani kama watu wote. Mwanao yuko wapi? Watu wakikuuliza unasema yuko Dar. Anafanya nini huko Dar? Kama digrii yake ndiyo inayoninyima Songea, sema waziwazi, maana hapo sitakuwa nabishana na wewe, nitakuwa nabishana na picha iliyotolewa ukutani.

Shule inafunguliwa baada ya wiki mbili. Nasubiri.

Mpwa wako,
Rukaiya


Mnero
2 Julai 2025

Rukaiya,

Salamu nimezipata. Tuzima.

Uliyemtaja usimtaje tena katika barua inayokuja kwangu. Nikiwa na umri wako huo sikuweza hata kumkoholea mjomba wangu mbele, na wewe unanihoji kama polisi.

Lakini kwa kuwa umetaka, nitakwambia. Alikaa humu ndani misimu mitatu na digrii yake. Asubuhi anakunywa uji, mchana anatuma maombi ya kazi kwa simu, jioni ananieleza ninavyokosea kupulizia mikorosho. Mashine yenyewe hajaibeba mgongoni. Kila nikienda sokoni naulizwa, "Vipi, mwalimu wako kapangiwa wapi?" Wanauliza wakicheka, watu ambao watoto wao waliishia la saba na wana pikipiki zao. Mimi ndiye niliyeuza, mimi ndiye niliyejinyima, mimi ndiye niliyekuwa natafuta pa kuangalia. Kisha siku moja akaondoka. Wanaume huondoka. Ndiyo habari yote, haina kingine.

Unataka nirudie? Unataka niwe na wawili?

Nimekwenda mwenyewe chuo cha ufundi, nimekuandikisha. Uwe hapa Mnero ifikapo tarehe kumi na nne. Kitanda kipo. Ukija, nitakupokea kama mtoto wangu. Ukienda Songea bila neno langu, basi nyumba ya dada yangu isinihesabu. Harusi nisiitwe, msiba nisiitwe. Siku ya posa yako, baba yako ndiye akae kwenye mkeka mahali pangu kuzungumza mahari, tuone atakaa upande gani na nani atamsikiliza.

Mjomba wako, kama bado unataka mjomba,
Yasini


Likunja
7 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Leo naitoa kwa sababu ni desturi, moyoni sina.

Leo shule imefunguliwa Songea. Wenzangu wameshaingia bwenini.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilipomaliza la mkeka akaninyang'anya, akaiweka chini ya godoro, akaenda kutwanga mtama ambao ulikuwa umeshatwangwa. Anakuogopa wewe kuliko anavyoniogopea mimi. Baba alikuwa mlangoni wakati nasoma, kwa hiyo la mkeka alilisikia. Alirudi uani kushona magunia. Baba yangu hajakukosea neno hata moja tangu aoe kwenu, na wewe umempiga kibao kupitia mdomo wangu mimi, nikiwa nasoma kwa sauti.

Umesema siku moja akaondoka na kwamba haina kingine. Kingine kipo, na mimi nakijua.

Ilikuwa msimu wa korosho wa mwaka juzi, kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima hapo Mnero. Wewe ulikuwa meza ya mbele na viongozi. Kaka Imrani alisimama kuuliza kwa nini mizigo ya wakulima inakaa ghalani mpaka inapungua uzito. Ni swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. Ukamwambia akae chini, na ukamwita kwa jina lake la utotoni. Jina aliloingia nalo jandoni akaliacha huko. Ukamwita hivyo mbele ya vijana aliokaa nao jandoni, mbele ya wazee, mbele ya wanawake. Ukasema asiye na kazi bado ni mtoto, na mtoto ana jina lake. Jina hilo nalijua na sitaliandika hapa. Baba alimkosea Amna, mtoto mdogo, uani, mbele ya kuku, akalipa siku hiyohiyo. Wewe umemkosea mwanaume mzima mbele ya mkutano, na hadi leo hujatoa hata yai.

Sasa nikwambie asichotaka ujue. Hayuko Dar na hajawahi kwenda Dar. Yuko hapa Likunja. Anajitolea kufundisha kemia na biolojia kwenye sekondari yetu, na wazazi wanamchangia unga na mboga. Amepanga chumba karibu na msikiti. Mama anajua. Mkeo anajua, na kila anapokuja kumwona wifi yake anakuja kumwona mwanawe. Shule yetu ilikuwa haina mwalimu wa sayansi kabla yake. Haya matokeo yangu unayotaka kuyapeleka karakana yametoka kwenye digrii ileile unayosema haina faida. Mikorosho yako imenisomesha mimi, Mjomba, ila hukujua.

Aliniapisha nisikwambie. Nimekwambia kwa hasira, na najua nimemsaliti.

Lakini usidhani yuko upande wangu. Nilipomwonyesha jina langu la Songea nilitegemea atafurahi. Alisema, "Kasomee umeme, Rukaiya. Usije ukawa kama mimi." Maneno yako yaleyale, hata kichwa alikiinamisha kama unavyokiinamisha wewe. Nilimrushia kiatu. Nyinyi wawili hamsemeshani, hamtaki hata kuonana, na jambo pekee mlilokubaliana duniani ni mimi nisiende.

Rukaiya


Likunja
12 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Uliondoka juzi bila kuaga, kwa hiyo nakuandikia yale uliyoyaacha nyuma, maana nadhani hukuyaona.

Tulipokuona unashuka kwenye basi na jogoo kwapani, sote tulielewa. Mama alikimbia kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, na lile goti lake. Mimi nilimwita kaka Imrani shuleni. Alikuja na chaki kwenye mikono ya shati, hakuniangalia njia nzima. Tangu ajue kwamba nimekwambia, hata tukipishana njiani haniangalii.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuona unamfunga jogoo kwenye mguu wa kiti alichokalia, na nikasikia unasema, "Imrani, nimekuja." Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, mjomba wangu ni mtu mzima, mambo yatakwisha. Naye akasema, kwa adabu kabisa, "Baba, hukuniita vile nyumbani kwa shangazi. Uliniita mkutanoni. Jogoo alipiwe mkutanoni." Kwa desturi hakukosea, na ulimwona Mama anatikisa kichwa kukubali ingawa ni dada yako. Hapo ukasema huwezi kufundishwa desturi na uliyempeleka jandoni mwenyewe. Akasema basi uliyempeleka jandoni ungemheshimu alipotoka. Mkaendelea hivyo, huyu hivi, yule vile, mpaka chai ikapoa.

Muda wote huo mimi nilikuwa pale na fomu ya shule mkononi. Nilingoja mmoja wenu ageuke aniulize kwa nini nimesimama. Mwishowe nikasema mwenyewe, "Mjomba, na Songea?" Ukasema, "Subiri, watu wazima wanazungumza." Nikamgeukia kaka Imrani, mwalimu wangu, aliyenifundisha jioni hata darasa lilipobaki na mtu mmoja. Naye akasema, "Subiri kidogo, Rukaiya."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyowachukia nyinyi wawili saa ile. Mlikuwa mnagombania jina moja lililotamkwa mwaka juzi. Langu linakaribia kufutwa huko Songea, na hakuna aliyegeuza shingo. Ukamfungua jogoo wako ukapanda bodaboda ukaondoka, na kaka Imrani akarudi kufundisha, na Mama akamwaga chai.

Nilikwambia siri yake ili unielewe. Nimempoteza yeye na sijakupata wewe.

Nafasi yangu inakwisha tarehe ishirini na moja. Nataka neno lako. Likiwa hapana, liwe hapana, lakini ulitoe ukiwa unanifikiria mimi na si yeye. Kwa umri wangu wote sidhani kama nimekuomba kitu kingine.

Rukaiya


Mnero
16 Julai 2025

Rukaiya,

Barua hii anakuletea Zaina mwenyewe. Amefunga mzigo wake, anasema anakuja kukaa Likunja na mwanawe mpaka mimi nipate akili. Nyumba ni kimya, nakohoa peke yangu. Haya yote umeyaanzisha wewe kwa hizo barua zako, na bado unataka nikusifu kwa kujua kuandika.

Sijalala vizuri tangu nitoke huko. Kufundishwa desturi na mwanangu mwenyewe, mbele ya dada yangu na shemeji, halafu niko njiani na jogoo anawika kwenye bodaboda watu wanatazama. Hasira ninayo na sifichi. Lakini alichosema ni kweli, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Mkutano wa chama ni Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Mwambie Imrani aje. Jogoo hatoshi kwa mkutano, nitatoa mbuzi, na nitasimama mwenyewe mbele yao na kumwita anavyostahili kuitwa. Asipokuja basi, nitakuwa nimesimama bure, wacheke.

Lako wewe tutalizungumza baada ya mkutano, kichwa changu kikitulia. Sasa hivi sina nafasi ya mambo mawili. Subiri. Wanasema wiki mbili, lakini serikali haiwezi kumfukuza mtoto kwa siku chache. Na ikimfukuza, umeme upo pale pale, nimeshamwambia Maximilian asikufute.

Mjomba wako,
Yasini


Stendi ya Nachingwea
18 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kinaendelea vizuri. Mkeo alifika salama jana mchana, usimfikirie. Jana usiku alilala na Amna, leo atalala kwenye kitanda changu maana kimebaki wazi. Goti la Mama limepungua.

Ujumbe wako kwa kaka Imrani nimeufikisha. Nilimpa barua asome mwenyewe. Aliposoma pale pa mbuzi alirudia, halafu akawa anaikunja na kuikunjua. Amesema atafikiria. Nadhani atakuja, lakini hilo ni lenu na sitaki kuwa mjumbe tena. Aliponirudishia barua aliniomba radhi kwa lile neno "subiri". Nimemjibu kwamba nimesikia. Kusamehe sijasamehe, nitasamehe nikifika.

Mama nilimsomea mwisho wa barua. Alisema, "Basi tusubiri, mjomba wako keshasema." Nililia, sikuficha, nikamwambia kwamba tarehe ishirini na sita inakuja baada ya ishirini na moja hata mjomba akiwa nani. Mama akasema mila hazina kalenda. Nikasema mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika, na mkeo akanivuta mkono ninyamaze.

Baba alikuwa uani na sindano ya magunia. Aliichomeka kwenye gunia, akainuka, akaingia stoo. Akatoka na tranka. Jipya, la bluu, na kufuli yake. Ndani mlikuwa na shuka, ndoo ndogo, sabuni, na kitambaa cha sare ambacho fundi alishakishona. Alikuwa amelificha nyuma ya magunia ya ufuta tangu mwezi wa sita, wakati ule ananiambia nikamwulize mjomba wangu. Vipimo vyangu alivipata kwa Amna, aliyempelekea fundi vipimo vya gauni langu la Idi.

Mama akamwuliza, "Abdala, kwa neno la nani?" Baba akanigeukia mimi. Akaniambia nilale mapema.

Sasa tuko hapa stendi tunasubiri gari la Masasi, kisha tutafute la Songea. Konda aliyekuwa anakuletea barua zangu yupo, anakunywa chai, na hii nampa yeye. Kwako kutoka hapa ni mwendo wa bodaboda tu. Nilimwuliza Baba kama tupite kukuaga. Tangu tutoke Likunja alikuwa hajaniambia zaidi ya "shika ndoo". Akasema, "Tukipita tutakaribishwa. Tukikaribishwa tutakaa, na tukikaa utaambiwa usubiri."

Mjomba, sikuandikii kukuonyesha kwamba nimekushinda. Hasira bado ninayo na nitaibeba mpaka Songea. Inawezekana wewe na kaka Imrani mnasema kweli, nikamaliza yote nikaishia kibarazani na bahasha. Ikiwa hivyo nitakwenda karakana kwa miguu yangu, nitamwomba fundi Maximilian mwenyewe, na ukinicheka nitakuwa nimestahili. Lakini nitakuwa nimekwenda nikaona. Wewe ulitaka nikae nikuogopee wewe na hasara zako.

Ulisema nikiondoka bila neno lako usiitwe kwenye harusi wala msiba. Mimi nitakuita. Kuja au kutokuja ni juu yako.

Gari la Masasi limeingia. Baba amejitwisha tranka, amekataa wapagazi. Nimemwuliza niandike nini hapa mwisho, maana kitu cha kwanza utakachotaka kujua ni nani aliyeniruhusu. Amesimama na tranka kichwani anafikiri, watu wanampita kushoto na kulia, konda anatupigia kelele. Sijawahi kumwona Baba akifikiri muda mrefu hivyo kwa jambo lisilo la shamba.

"Mwandikie ni baba yako," akasema.

Basi, Mjomba, ni baba yangu.

Rukaiya Abdala